Beethoven na Msanii wa Leo: Tunalinganisha Nini Hasa?

Kila baada ya muda mjadala huu hurudi mitandaoni. Mmoja anaandika kwamba msanii anayempenda "ndiye Mozart wa zama zetu". Wa pili anamjibu kuwa nyimbo za leo ni kelele za kompyuta, mwakani hakuna atakayezikumbuka. Wa tatu anauliza hao Wazungu waliokufa zamani wanatuhusu nini. Ubishi unakwenda hadi usiku na kila mtu anabaki palepale alipokuwa. Wengi humalizia kwa kusema ni suala la ladha, lakini ladha haina kosa hapa. Tatizo ni kwamba kazi ya Mozart na kazi ya msanii wa leo si kazi moja, na tulichorithi kutoka kwa mmoja si kitu cha aina moja na tunachopata kwa mwingine. Hilo likishaeleweka, ulinganisho unawezekana, tena unafurahisha.

Tuanze na majina ya kazi. Mtunzi ndiye anayebuni wimbo: sauti zake zipande wapi, zishuke wapi, beti zifuatane vipi. Mpangaji anaamua ala gani ipige nini na wakati gani. Mwimbaji na mpigaji ndio wanaoutoa wimbo ukasikika. Prodyuza anasimamia rekodi yote, na mara nyingi ndiye anayetengeneza biti. Fundi wa sauti anarekodi na kuchanganya: ngoma iwe mbele kiasi gani, sauti ya mwimbaji ikae wapi, mwangwi uwe mrefu au mfupi.

Muziki wa klasiki, kwa maana finyu, ni muziki wa Ulaya wa takriban mwaka 1750 hadi 1820, enzi za Haydn, Mozart na Beethoven. Kwa maana pana, ambayo ndiyo inayotumika mitaani na katika makala haya, ni utamaduni mzima wa Ulaya wa kutunga kwa kuandika nota, ukiwemo wa Bach aliyefariki mwaka 1750 na wa watunzi wa karne ya 19 na 20. Muziki wa kisasa hapa ni ule unaorekodiwa na kuuzwa kwa umma, iwe rumba, pop, bongo fleva au dansi.

Sasa jambo kubwa. Mozart alifariki mwaka 1791. Mashine ya kwanza ya kurekodi sauti na kuirudia, ya Edison, ilitengenezwa mwaka 1877. Kwa hiyo hakuna mtu aliye hai aliyewahi kumsikia Mozart akipiga kinanda, ingawa alikuwa mmoja wa wapigaji hodari wa Ulaya. Sauti ya Siti binti Saad, aliyerekodi taarab kule Bombay mwaka 1928, tunayo. Ya Mozart hatuna. Alichotuachia ni karatasi zenye maelekezo.

Nota ni kama ramani ya nyumba, na rekodi ni nyumba yenyewe. Mwenye ramani anaweza kujenga Dodoma au Mombasa, kwa tofali au kwa jiwe, na kila jengo litatofautiana kidogo na lenzake. Ndiyo maana Simfonia ya Tano ya Beethoven, utungo mrefu wa okestra, inakwisha kwa dakika 30 na kidogo mikononi mwa kiongozi mmoja wa okestra, na mwingine akatumia dakika kadhaa zaidi, na wote wawili wameipiga sahihi. Kwa msanii wa leo, rekodi ndiyo kazi iliyokamilika. Mkwaruzo wa koo lake, pumzi kabla ya kiitikio, jinsi ngoma inavyogonga: vyote ni sehemu ya utunzi, na vingi kati ya hivyo haviwezi kuandikwa kwa nota.

Kutoka hapo utaona kwa nini hoja mbili maarufu huanguka. Ya kwanza: "Wasanii wa leo hawajui hata kusoma nota, watakuwaje sawa na Mozart?" Michael Jackson hakuwa msomaji wa nota. Alitunga kwa kuimba kila kipande kwa mdomo, besi, ngoma, gitaa na sauti za kuitikia, na kuvirekodi. Kwake kinasa sauti kilifanya kazi ambayo kalamu na karatasi vilimfanyia Mozart, yaani kuhifadhi wazo lisipotee na kulifikisha kwa wapigaji. Hoja ya pili inatoka upande wa pili: "Klasiki haina mdundo, haichezeki." Bach aliandika mafungu mengi ya muziki kwa mitindo ya densi za wakati wake. Waltz za Vienna zilikuwa muziki wa kumbi za dansi.

Tazama "Billie Jean", iliyomo katika albamu iliyotoka Novemba 1982. Mtunzi ni Michael Jackson, prodyuza ni Quincy Jones, besi ilipigwa na Louis Johnson, ngoma na Leon "Ndugu" Chancler, na fundi wa sauti alikuwa Bruce Swedien. Ukiandika kodi zake kwenye karatasi, yaani yale mafungu ya sauti zinazopigwa kwa pamoja, hutaona cha ajabu: chache, zikizunguka. Lakini sikiliza mwanzo wake. Ngoma inaanza peke yake, kavu, haina mwangwi mrefu. Swedien aliiwekea ngoma ile jukwaa la mbao na kulifunika besidramu kwa kifuniko maalumu ili kila pigo lisikike kwa ukali wake. Besi inaingia, kisha kinanda kwa vipigo vifupi, na mwimbaji hafungui kinywa mpaka karibu nusu dakika ipite. Quincy Jones aliona utangulizi ni mrefu mno. Jackson alikataa usikatwe kwa sababu ndio uliomfanya atake kucheza. Swedien amesimulia kwamba walichanganya wimbo huo mara 91, na mwisho wakarudi kutumia mchanganyo wa pili. Ule ndio utunzi wa zama za rekodi, na ni kazi ya watu wengi chini ya jina moja kwenye kasha.

Hili la jina moja limewapotosha wengi. Mtu anapomlinganisha mwimbaji wa leo na Beethoven, mara nyingi anamlinganisha mtunzi na mtu ambaye kazi yake kuu ni kuimba. Kwenye TPOK Jazz, bendi ya rumba ya Kongo ya Franco Luambo Makiadi, wimbo "Mabele" wa mwaka 1974 ulitungwa na Simaro Lutumba na kuimbwa na Sam Mangwana. Ukitaka kulinganisha utunzi, mtu wako ni Simaro. Ukitaka sauti, ni Mangwana. Ukitaka kiongozi aliyejua nani apewe nini, ni Franco. Taarab asilia nayo iko hivyo: mara nyingi mshairi ni mmoja, anayetia muziki ni mwingine, na mwimbaji ni wa tatu. Bach pale Leipzig, kuanzia mwaka 1723, alibeba karibu kazi hizo zote: alitunga, alipanga, alifundisha wavulana wa kwaya na kuongoza ibada. Kwa hiyo swali la kwanza la haki ni hili: nani alifanya nini?

Swali la pili ni shabaha. Mtunzi wa klasiki aliheshimiwa kwa ustadi mmoja kuliko mwingine wowote: kuchukua wazo dogo na kulikuza mpaka lijaze nusu saa bila kuchosha. Mfano bora ni hiyohiyo Simfonia ya Tano, iliyopigwa hadharani kwa mara ya kwanza Vienna tarehe 22 Desemba 1808, katika onesho la takriban saa nne, ukumbi ukiwa na baridi na wapigaji wakiwa hawakufanya mazoezi ya kutosha.

Aliyewahi kuimba kwaya anaweza kusoma mwanzo wake kwa solfa: m m m d, halafu r r r t, na hiyo ti ni ya chini. Tatu fupi, moja ndefu. Hakuna zaidi ya hapo. Inapigwa na ala za nyuzi pamoja na klarineti mbili tu, zote kwa sauti moja, bila kodi ya kuisindikiza. Mtoto anaweza kuipiga kwa kidole.

Kinachofuata ndicho kazi yenyewe. Mapigo yale manne yanarushwa kutoka kundi moja la nyuzi kwenda jingine mpaka yanakuwa sentensi ndefu. Kisha baragumu zinatoa wito: s s s d r s. Ni wazo jipya, lakini mwanzo wake ni mdundo uleule. Vayolini zinaleta wimbo mpole, na ukitega sikio chini utasikia selo na besi, ala kubwa za nyuzi zenye sauti nzito, bado zinagonga: tatu fupi, moja ndefu. Katikati, Beethoven anaukatakata ule wito wa baragumu. Inabaki kodi mbili, kisha moja moja, ala za kupuliza na za nyuzi zikipokezana huku sauti ikififia, mpaka msikilizaji anaanza kudhani muziki unazimika. Hapo mwanzo unalipuka tena. Muda mfupi baadaye okestra nzima inanyamaza na zumari moja, obo, inaimba peke yake, kisha safari inaendelea. Sehemu hiyo ya kwanza, yenye mizani 502 (vifungu vidogo vya mapigo), huchukua dakika saba hadi nane. Katika sehemu ya tatu mdundo unarudi kwenye baragumu, safari hii kwa nota moja inayorudiwa. Sehemu ya nne inapofunguka kwa furaha ya maja, mpangilio wa sauti wenye kuchangamka, zinaingia tromboni tatu, filimbi ndogo na basuni kubwa ambazo wapigaji wake wamekaa kimya tangu mwanzo wa simfonia.

Wimbo wa dakika tatu hauna nafasi ya kufanya hivyo, wala haujaribu. Kuulaumu kwa hilo ni kulaumu hadithi fupi kwa kutokuwa riwaya. Lakini sikubaliani na wanaosema basi kila kitu ni sawa. Kukuza wazo kwa namna ya Beethoven ni ustadi adimu, na msanii anayeitwa "Beethoven wa leo" kwa kuwa tu ana watazamaji wengi YouTube hajalinganishwa naye kwa lolote.

Ustadi wa muziki wa kisasa uko kwingine: kwenye rangi ya sauti na mahali pigo linapodondokea. Nota za Ulaya ziliundwa kuonyesha sauti ipande au ishuke kiasi gani na idumu kwa muda gani. Haziwezi kuonyesha vizuri mpiga ngoma anapochelewesha pigo kwa sehemu ndogo ya sekunde ili mwili wa msikilizaji uvutike. Haziwezi kueleza kwa nini magitaa mawili ya sebene, kila moja likipiga kipande kifupi kilekile, yanapofumana yanamwinua mtu kitini. Chakacha ya pwani ina mapigo matatu yanayokwenda sambamba na mawili. Ukiyaandika ni rahisi, ukiyapiga bila mazoezi hayachezeki. Msomi wa klasiki anayehesabu kodi tu atasema hapa hakuna kitu, kwa sababu kipimo chake hakifiki pale kitu kilipo.

Wengine hudai kurudiarudia ni dalili ya uvivu. Kanoni ya Pachelbel, inayopigwa kwenye arusi nyingi hadi leo, imejengwa juu ya nota nane za besi: d s l m f d f s. Nota hizo zinarudiwa mara 28 bila kubadilika hata moja. Boléro ya Ravel, ya mwaka 1928, inagonga mdundo mmoja wa ngoma kwa takriban dakika 15. Cha kuuliza ni nini kinabadilika juu ya kinachorudiwa. Kwa Pachelbel ni vayolini tatu zinazofukuzana. Kwa Ravel ni ala zinazoongezeka kidogo kidogo. Katika biti nzuri ni sauti za kuitikia, kinanda kinachoingia ubeti wa pili, ngoma inayokatika kabla ya kiitikio. Pasipobadilika chochote, hapo lawama ni ya haki.

Kuhusu fedha, watu wana picha ya watunzi wa kale kama watakatifu waliotungia mbingu. Mwaka 1730 Bach alimwandikia barua rafiki yake Georg Erdmann, akilalamika kwamba hewa ya Leipzig ikiwa nzuri mazishi hupungua, na kwamba mwaka uliotangulia alipoteza zaidi ya thaler 100 (fedha za wakati huo) za ada za mazishi kwa sababu hiyo. Haydn, alipoajiriwa na ukoo wa Esterházy mwaka 1761, alitia saini mkataba uliomtaka avae sare ya watumishi na uliomzuia kuwapa wengine nakala za tungo zake au kuwatungia bila ruhusa. Mkataba mpya uliolegeza hayo ulikuja mwaka 1779. Msanii wa Dar es Salaam au Nairobi anayevutana na lebo kuhusu nani anamiliki masta, yaani rekodi ya asili, anapigana vita ya zamani sana.

Kuazima nako ni kulekule. Maprodyuza wakichukua kipande cha wimbo wa zamani na kukijenga upya, husemwa wameishiwa. Wimbo wa kanisani ambao Bach aliurudia mara kadhaa katika utungo wake mkubwa wa kanisani, Mateso kwa Mathayo, ule wa kichwa cha Yesu kilichojeruhiwa, sauti yake ilikuwa ya wimbo wa mapenzi uliotungwa na Hans Leo Hassler na kuchapishwa mwaka 1601. Mtunzi Handel, aliyeandika Masihi, utungo wa kwaya na okestra, kwa siku 24 mwaka 1741, alichukua muziki wa baadhi ya vipande vyake vya kwaya kutoka kwenye nyimbo zake mwenyewe za mapenzi za Kiitaliano. Kilichobadilika ni sheria. Mwaka 1777, katika kesi iliyofunguliwa na Johann Christian Bach, mtoto wa Bach, mahakama ya Uingereza iliamua kwamba nota zilizochapishwa zinalindwa kama vitabu. Leo anayetumia kipande cha rekodi ya mtu anahitaji ruhusa mbili: ya mwenye utunzi na ya mwenye rekodi. Wengi huomba moja wakasahau ya pili, na wimbo unaondolewa mitandaoni wakati umeshaanza kupendwa.

Na je, muziki wa kale wote ulikuwa bora? Tunaousikia ni uliopita kwenye chujio la miaka mia mbili. Vienna mwaka 1786, opera, yaani tamthilia ya kuimbwa, iliyoshangiliwa kuliko Ndoa ya Figaro ya Mozart ilikuwa ya Martín y Soler, mtunzi ambaye leo wapenzi wengi wa klasiki hawamjui. Mozart mwenyewe alijua opera hiyo ilivyovuma, hata mwaka uliofuata akaweka kipande chake ndani ya opera yake Don Giovanni, kwenye karamu ya mwisho, bendi ikikipiga huku mhusika mkuu akila. Kuchukua vilele vya karne tatu na kuviweka mbele ya nyimbo za wiki hii si ulinganisho. Weka kilele kwa kilele, au kawaida kwa kawaida.

Mimi ningeanzia kwa Schubert. Alifariki mwaka 1828 akiwa na miaka 31, ameacha nyimbo zaidi ya 600 za sauti moja na kinanda, nyingi za dakika mbili hadi tano, urefu wa nyimbo za redio. "Erlkönig" aliutunga mwaka 1815 akiwa na miaka 18, kwa shairi la Goethe: baba anakimbia na mwanawe mgonjwa usiku juu ya farasi, na jini linamwita mtoto. Mwimbaji ni mmoja lakini anabeba watu wanne, msimulizi, baba, mtoto na jini, kila mmoja na sauti yake. Kinanda kinapiga oktava, yaani nota ileile juu na chini kwa pamoja, kwa mapigo matatu matatu ya haraka, ndizo kwato. Kila mtoto anapomlilia baba yake, kilio kinaanza juu zaidi ya kilichotangulia. Neno la kifo linapofika, kwato zimeshanyamaza.

Uweke kando ya "Mario" ya Franco, ya mwaka 1985, aliyoimba na Madilu System. Nayo ni hadithi: kijana msomi anayeishi kwa mgongo wa mwanamke tajiri aliyemzidi umri, na malalamiko yanayofuata. Franco haharakishi. Magitaa yanazunguka palepale, naye anazungumza juu yake, anagomba, anarudia jina mpaka linakuwa mashtaka. Schubert anasimulia kwa kubadilisha muziki kila hali inapobadilika. Franco anasimulia kwa kuuacha muziki utulie ili maneno yachome. Hapo unaweza kubishana nani ana ustadi gani, kwa sababu wote wawili wanafanya kazi moja.

Usikilize kwa namna ya haki pia. Spika ya simu haitoi besi ya chini, na okestra ina tofauti kubwa mno kati ya sauti ya chini na ya juu. Nyimbo za kisasa hubanwa na fundi ili sehemu zote zisikike hata ndani ya daladala. Ukiweka simfonia kwenye mazingira hayo, sehemu za upole zinamezwa na injini, unaongeza sauti, kisha tromboni zinakutia kiwewe. Tumia spika za masikioni mahali patulivu, panga sauti kwa kutumia sehemu yenye kelele kuliko zote, halafu usiiguse tena. Rudia sehemu ya kwanza ya Simfonia ya Tano mara tatu: ya kwanza usikilize yote, ya pili ufuate selo na besi tu, ya tatu uhesabu mdundo wa tatu fupi na moja ndefu.

Limebaki la nani atadumu. Ubora pekee hautoshi. Bach alipofariki, miswada yake iligawanywa kwa warithi. Wilhelm Friedemann, mtoto mkubwa, alibanwa na shida akauza yake, na kantata nyingi, tungo za ibada za kwaya na ala, zimepotea. Zilizobaki ni takriban 200. Mateso kwa Mathayo yalirudi mbele ya umma mwaka 1829 pale Berlin kwa juhudi za Mendelssohn, kwa kuwa nota zilikuwapo. Kwa muziki wa rekodi hatari ni kubwa zaidi, maana rekodi ikipotea hakuna ramani ya kujengea upya. Studio nyingi zinabaki na MP3 tu, na MP3 imeshatupa sehemu ya sauti ambayo hairudi. Faili la kuhifadhi ni WAV, lisilotupa sehemu ya sauti, la mchanganyo wa mwisho na la kila ala peke yake, yote yakianzia sekunde ileile ili yaweze kupangwa upya kwenye programu yoyote. Nakala ziwe mbili au zaidi, moja nje ya studio. Ndani ya folda hiyo liwemo faili la maandishi ya kawaida lenye tarehe, mwendo wa wimbo, majina ya mtunzi, mshairi, mpangaji, kila mpigaji, prodyuza na fundi wa sauti, pamoja na mgawanyo wa haki waliokubaliana, uliosainiwa siku ya kurekodi kabla wimbo haujaanza kuingiza fedha.